Pikipiki ya Theluji Haichaji? Nunua Vifaa kwa Mpangilio Huu

Betri ya pikipiki ya theluji ikilala mara mbili ndani ya wiki moja, mwenyewe hukimbilia duka la vipuri na kurudi na betri mpya. Siku chache baadaye hiyo nayo imelala. Hapo ndipo anaponunua rektifaya, kisha statori, na mwishowe anagundua kwamba waya mmoja wa ethi (unaorudisha umeme kupitia bodi ya mashine) ulikuwa umeshika kutu. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa ubora wa bidhaa peke yake. Imepangwa hivi: kitu cha chini kinastahili pesa yako pale tu cha juu yake kimeshatoa ushahidi.

Mfumo wenyewe si mgumu kuuelewa. Sumaku zilizobandikwa ndani ya flaiwili, gurudumu zito linalozungushwa na injini, huzunguka koili za statori na kuzalisha umeme wa AC (unaobadilisha mwelekeo). Rektifaya huugeuza kuwa DC (wa mwelekeo mmoja) na kuuzuia usipande kupita kiasi, kisha umeme huo huingia kwenye betri na kulisha taa pamoja na vipasha-mikono vya usukani. Hitilafu basi hujificha kwenye statori, rektifaya, betri au waya zinazoviunganisha. Baadhi ya mashine huwashwa kwa kamba na hazina betri kabisa; mwenye mashine ya aina hiyo aruke namba 3 na 4.

1. Multimita

Hiki kifaa cha kupimia umeme ndicho cha kwanza, na hakina mpinzani. Hata ya bei ya chini inafaa, mradi isome volti za DC kwa desimali mbili, volti za AC, omu, na iwe na alama ya kupima dayodi (kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu). Kama una nafasi ya kuchagua, tafuta inayohifadhi kipimo cha juu na cha chini, na yenye waya za silikoni. Waya za plastiki ya kawaida hukakamaa kwenye baridi kali hadi zikakuponyoka mkononi. Yenye koleo la kupimia ampia za DC ni nzuri, lakini si ya lazima.

Pima betri ikiwa imepumzika saa kadhaa. Volti 12.6 hadi 12.8 maana yake imejaa, 12.4 ni kama robo tatu, na chini ya 12.0 iko karibu tupu. Washa injini, ipandishe hadi mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika, upime tena palepale kwenye betri. Mashine nyingi zenye afya husoma kati ya 13.5 na 14.5, ingawa kitabu cha mashine yako ndicho chenye neno la mwisho. Namba isipopanda, chaji haifiki. Ikipita 15, rektifaya imeshindwa kuzuia, na betri itachemka hata kama leo taa zinawaka vizuri. Injini ikiunguruma taratibu huku vipasha-mikono vimewashwa, kusoma chini ya 13 huwa ni kawaida. Usianze kufungua kitu kwa sababu hiyo.

Tahadhari moja: kwenye mizunguko hiyo klachi hushika na mkanda mpana wa chini unaosukuma mashine kwenye theluji huanza kuzunguka. Nyanyua nyuma ya mashine kwenye stendi imara, na asisimame mtu yeyote nyuma yake. Jambo jingine, usiweke mita kwenye ampia kisha ukagusa vichwa viwili vya betri. Hiyo ni shoti, na fyuzi ya mita ikiungua una bahati.

2. Vitu vidogo vya waya

Brashi ya waya, dawa ya kusafishia viunganishi, grisi ya dielektriki (isiyopitisha umeme), fyuzi za akiba, konekta zenye mpira wa kuzuia maji na kipande cha kebo nene ya ethi. Vyote kwa pamoja ni nafuu kuliko kipuri kimoja kikubwa, na mimi naviweka juu ya betri bila kusita. Pikipiki ya theluji hutikisika mfululizo, theluji huyeyuka juu ya injini, na maji hayo huingia kwenye plagi na kuganda tena usiku.

Anza na plagi ya waya zinazotoka kwenye statori, ambazo mara nyingi ni za njano. Ukikuta plastiki imegeuka kahawia au pini imelegea, umepata mtuhumiwa. Kisha pima upotevu: injini ikiwa inafanya kazi, ncha moja ya mita iwe kwenye waya wa chanya unaotoka rektifaya, nyingine kwenye kichwa cha chanya cha betri. Ikizidi volti 0.3 kuna kutu au mshikamano mbaya njiani. Rudia upande wa hasi, kutoka bodi ya rektifaya hadi kichwa cha hasi. Upande huu husahaulika sana.

3. Chaja janja

Statori haikutengenezwa kufufua betri iliyokufa. Safari fupi fupi huku vipasha-mikono vikiwa kwenye kiwango cha juu hutoa zaidi ya zinavyorudisha, na miezi ya kiangazi humaliza kilichobaki. Chagua chaja ya volti 12, ampia 1 hadi 4, inayojipunguza yenyewe betri ikijaa na yenye mpangilio wa AGM (betri ya asidi iliyofungwa, asidi yake ikiwa imenyonywa na mkeka wa nyuzi za kioo). Inayorekebisha volti kulingana na joto la mahali ina thamani zaidi kwa anayechajia kwenye banda lenye baridi. Chaja za zamani zisizojizima ziache dukani.

Betri ya asidi iliyojaa huvumilia baridi ya chini ya nyuzi −50 za Selsiasi. Iliyoisha huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Iliyoganda haichajiwi, kagua kama ganda limepasuka, na kama limepasuka, itupe kwa utaratibu.

4. Betri

Nunua pale tu iliyopo imechajiwa ikajaa na bado inaanguka. Iangalie stata ikizungusha injini: ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, imechoka. Chaguo langu la kwanza ni AGM, kwa kuwa haimwagi asidi na huvumilia mtikisiko. Ya pili ni ya asidi ya kujaza maji, kwa mwenye bajeti ndogo na subira ya kuikagua. Lithiamu naiweka ya mwisho, ingawa wauzaji huiweka mbele. Ni nyepesi kweli, lakini kuichaji ikiwa chini ya nyuzi sifuri huiharibu ndani, isipokuwa ina mlinzi wa kielektroniki au kipasha joto chake. Tena ikipumzika husoma zaidi ya volti 13, kwa hiyo vipimo vya hapo juu haviihusu.

Soma uwezo wa kuwasha kwenye baridi, ambao hupimwa kwa nyuzi −18, na tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa rafu mwaka mzima bila chaji si mpya.

5. Rektifaya

Hapa tofauti ya bei na ubora ni kubwa. Ya kiwandani ni salama. Ya kampuni nyingine yenye sifa inafaa, hasa ya aina ya MOSFET (swichi ndogo za kielektroniki), ambayo hupata joto kidogo. Za aina ya kufunga na kufungua mkondo badala ya kuumwaga ethi huipa statori nafuu zaidi. Feki isiyo na jina iepuke, kwa sababu ikishindwa hupika betri pamoja na globu. Hakikisha idadi ya waya za AC ni ileile, mbili au tatu, na ifungwe kwenye chuma safi ili joto litoke.

6. Statori

Ya mwisho, kwa kuwa ni ghali na kuifikia ni kazi. Chomoa plagi yake, pima AC kati ya kila jozi ya waya za njano huku injini ikipanda: namba zikaribiane na zipande pamoja. Injini ikiwa imezimwa, omu ziwe chache sana, mara nyingi chini ya 1 (gusanisha ncha za mita kwanza, utoe kile zinachosoma), na kusiwe na mawasiliano yoyote kati ya njano na ethi. Ikifeli, nunua ya kiwandani au ipeleke kwa fundi wa kusuka koili anayejulikana. Agiza kwa modeli, mwaka na namba ya injini, maana kwenye mashine kadhaa statori hubeba pia koili za kuwashia plagi za moto.

Ongeza kwenye oda kivutio cha flaiwili kinacholingana na modeli yako. Nyundo na bisibisi huvunja sumaku. Flaiwili ikitoka, kagua kama sumaku zote bado zimeshika, na wakati wa kuirudisha hakikisha kabari yake imekaa kwenye mfereji kabla ya kukaza nati kwa kiwango cha kitabu.