Siku nne katika Peddars Way, barabara ya Warumi

Mwezi Mei nilitembea peke yangu Peddars Way, barabara ya Warumi inayoanzia Knettishall Heath, Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na kukata mashamba ya Norfolk kuelekea kaskazini hadi ufukwe wa Holme-next-the-Sea, mwendo wa takriban kilomita 74.

Kinachoshangaza kwanza ni unyoofu wake. Inaaminika kuwa Warumi waliijenga baada ya kuuzima uasi wa Malkia Boudica wa kabila la Iceni, uliozuka mwaka 60 au 61, ili majeshi yao yafike upesi katika nchi ya watu ambao walikuwa wamekwisha kuwachomea miji, na inaonekana aliyeipima hakujali shamba la mtu. Kaskazini ya kijiji cha Castle Acre nilikwenda muda mrefu nikiiona njia mbele yangu, ikipanda na kushuka na mabonde bila kupinda. Hapo niliokota kipande cha jiwe la gumegume kilichopasuka, pengine kwa kukanyagwa na trekta: ganda lake jeupe kama chaki, ndani jeusi na linang'aa kama kioo, na makali yake yakanichana kidole nilipokuwa nikiyastaajabia.

Vibao vyenye picha ya tunda la mwaloni vimewekwa vizuri, nami sikupotea. Castle Acre nilikaa usiku mmoja, nikajuta kutokaa miwili, kwani kijiji kimejengwa ndani ya boma la kale na magari bado hupita chini ya lango la karne ya 13, moja moja, kwa adabu.

Upungufu uko kwenye huduma. Barabara hii ilijengwa kwa ajili ya askari, kwa hiyo huviacha vijiji vingi pembeni. Beba maji na chakula cha kutwa. Nililipia kampuni moja inisafirishie begi, nalo likapelekwa nyumba nyingine ya wageni, nikasubiri hadi saa tatu usiku nikiwa na soksi zilizolowa, na radhi sikuombwa. Nikirudi nitabeba mzigo wangu mwenyewe.

Viatu viwe vya kuzuia maji, maana mvua ikinyesha matope huganda kwenye soli. Kufika mwanzo wa njia nilikodi teksi kutoka stesheni ya Thetford. Kurudi, kuna mabasi ya kutoka Hunstanton, mji ulio karibu na Holme, hadi King's Lynn, na hapo utapata treni ya London.