Modeli ya plastiki ya kwapa na mkono wa juu: uzoefu wangu wa kuifundishia

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na sehemu ya muda wangu ninafundisha anatomia katika chuo cha afya cha ngazi ya diploma ambacho hakina maabara ya maiti. Kwa sababu hiyo tuliagiza mtandaoni modeli ya plastiki ya bega na mkono yenye misuli inayobanduliwa, kwa bei iliyozidi kidogo shilingi laki sita pamoja na usafiri. Jina la watengenezaji sitalitaja, kwa kuwa modeli za namna hii zinafanana sana na kasoro zake nyingi ni zilezile.

Mkono wa juu umetengenezwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Ukiibandua trisepsi, msuli wa nyuma ya mkono wa juu, unaiona neva ya radiali ikishuka nyuma ya mfupa wa humerasi ndani ya mfereji wake, sambamba na ateri ya kina ya brakia (yaani ya mkono wa juu), na mwanachuo anaweza kuufuata mfereji huo kwa kidole tangu juu hadi unapojitokeza upande wa nje. Akishafanya hivyo, hahitaji tena maelezo marefu kuhusu kwa nini mgonjwa aliyevunjika humerasi katikati huletwa kwetu akiwa hawezi kuinua kiganja. Neva ya mediani nayo imewekwa kwa uangalifu: inaanza upande wa nje wa ateri ya brakia, inaivuka karibu na katikati ya mkono wa juu, na inafika kiwikoni ikiwa upande wa ndani. Hapo kiwikoni ateri iko upande wa ndani wa kano ya bisepsi, msuli wa mbele ya mkono wa juu, mahali panapowekwa stetoskopu wakati wa kupima shinikizo la damu, na wauguzi wanafunzi walipapata mara moja.

Kamba tatu za mtandao wa neva za mkono, ule unaotokana na neva za uti wa mgongo C5 hadi T1 (ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua), zimepangwa kuizunguka ateri ya kwapa kama inavyotakiwa: moja nje, moja ndani na moja nyuma. Ukiuondoa msuli mdogo wa kifua unaona pia jinsi unavyoigawa ateri hiyo katika sehemu tatu kabla haijavuka ukingo wa chini wa msuli wa teresi kubwa na kuanza kuitwa ateri ya brakia.

Kwapa lenyewe, hata hivyo, halimo, ingawa tangazo lilisema limo. Kwapa ni nafasi yenye umbo la piramidi, na ukuta wake wa ndani ni mbavu za juu zikiwa zimefunikwa na msuli wa serato ya mbele. Katika modeli hii kuna kipande kifupi tu cha ubavu wa kwanza, basi. Ni nyumba yenye kuta tatu. Msuli mdogo wa kifua, ambao kwa kawaida hushikamana na ubavu wa tatu hadi wa tano, unaning'inia kwenye skapula (mfupa bapa wa bega) bila kufika popote. Kwa kuwa serato haipo, neva ndefu ya kifua inayoihudumia haipo pia, na hiyo ndiyo neva ambayo ikiumia wakati wa upasuaji wa kwapa skapula hutokeza mgongoni mgonjwa anaposukuma ukuta. Tezi za limfu hazikuwekwa hata moja. Anayetaka kufundisha uchunguzi wa saratani ya matiti, ambamo sehemu kubwa ya limfu ya titi huelekea kwapani, asiinunue kwa ajili hiyo.

Kuna kosa jingine ambalo mnunuzi asiyekuwa na kitabu pembeni hatalitambua. Neva ya muskulokutania hupenya katikati ya msuli wa korakobrakiali, lakini hapa imegundishwa juu yake. Aidha, ateri ya brakia imepewa vena moja tu ya kuiandama, ilhali kwa kawaida huwa mbili. Niliwaandikia wauzaji kuhusu neva hiyo. Jibu lao lilihusu sumaku za akiba za kushikizia misuli.

Na sumaku kweli ni tatizo. Bisepsi hudondoka kila modeli inapoinamishwa, na rangi nyekundu ya ateri ilianza kubanduka pale tunapoishika zaidi, hasa baada ya kufutwa kwa spiriti. Tumia maji na sabuni kidogo. Kwa neva ndefu ya kifua tumeshona uzi wa njano kwenye kitambaa kinachobandikwa mahali pa mbavu, na kwa gharama ya uzi huo sioni sababu ya kulipia modeli kubwa zaidi yenye kifua kizima, isipokuwa kwa chuo kinachofundisha upasuaji.