Uzoefu wangu: onyesho la mtu mmoja kuhusu msiba na baipola, dakika 75 bila mapumziko

Nimelitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa safu ya 4 na ukumbi umejaa, mara ya pili safu ya mwisho na viti vingi vitupu. Ungedhani ni maonyesho mawili tofauti, na tofauti yenyewe inaanzia kwenye kikombe.

Jukwaani kuna kiti, meza ndogo, simu ya mezani, kiboksi cha dawa chenye vyumba saba, na kikombe cha chai juu ya kisahani. Mwanamke mmoja anaandaa mazishi ya kaka yake aliyefariki ghafla. Yeye mwenyewe ana baipola, ugonjwa wa akili unaompandisha mtu hadi msisimko uliopitiliza (mania) na kumshusha hadi huzuni nzito, na anautuliza kwa lithiamu, dawa inayojulikana kwa kutetemesha mikono. Anazungumza na muuza majeneza kwa adabu zote, sauti imetulia kama ya karani wa benki, huku kisahani kikimsaliti: kri-kri-kri. Ukumbi hauna mbavu.

Halafu mlio unabadilika. Mwanzoni ni mtetemeko mwepesi wa haraka haraka, ule ambao watumiaji wengi wa dawa hiyo wanaujua. Baadaye mkono unamwaga chai na maneno yanamlemea mdomoni. Hapo anayeijua lithiamu huacha kucheka kabla ya jirani yake. Mwanamke hajanywa maji siku nzima, na kichwa kilipomuuma alimeza ibuprofeni. Upungufu wa maji mwilini na dawa za jamii ya ibuprofeni vyote viwili hupandisha kiwango cha lithiamu kwenye damu, na kiwango kinachotibu hakiko mbali na kinachodhuru. Ndiyo maana wagonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Mwandishi hasemi neno lolote kuhusu hayo. Vidonge vya ibuprofeni vinamezwa dakika ya 20 kama utani mdogo tu, na deni linalipwa dakika ya 58. Ni ufundi wa hali ya juu.

Usingizi nao umeshikwa vizuri, na hapa ndipo maigizo mengi ya aina hii hukosea. Mfiwa asiyelala huamka amechoka. Mtu aliyepandwa na mania hulala saa mbili tatu na haoni uchovu wowote. Mhusika wetu anafikia usiku wa tatu akiwa ameshapanga magari, ameandika wasifu wa marehemu kurasa 40, na ameagiza majeneza matatu ili familia ichague. Ndugu wanampigia simu kumsifu: dada, una moyo wa chuma! Tunacheka pamoja nao, kisha tunagundua kwamba tulikuwa tunaushangilia ugonjwa. Mania inayolipuka baada ya msiba si kitu cha kubuni. Madaktari wa akili wameshaieleza kwenye maandishi yao.

Utani bora kuliko yote unahusu makaratasi. Katika uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, lenye makao yake Geneva, ule wa ICD-11 ulioanza kutumika 2022, huzuni ya kufiwa inaweza kuhesabiwa kuwa ugonjwa ikiwa kali na ikapita miezi 6. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani unataka angalau miezi 12 kwa mtu mzima. Mwanamke anachora mstari wa chaki sakafuni na kuruka huku na huku: upande huu mgonjwa Geneva, upande huu mzima Marekani. Mwezi wa tisa baada ya msiba anausimamia katikati, mguu huku, mguu kule. Kejeli imeelekezwa kwenye fomu, haimgusi aliyefiwa, na nadhani hiyo ndiyo siri ya onyesho zima.

Zile hatua tano za huzuni (kukana, hasira, kujadiliana, mfadhaiko, kukubali) nazo zinapata kipigo, kwa haki. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizitoa 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe, wala hakuanza na waliofiwa. Kipande hicho ni cha dakika tatu, kingetosha dakika moja na nusu.

Sasa usiku wa pili, ulioharibika. Simu hulia mara 11 katika onyesho hili, na kila mlio unabonyezwa na fundi sauti. Kicheko hupanda, hufika kileleni, kisha huanza kushuka. Mlio unatakiwa uingie kinaposhuka, kabla hakijaisha. Fundi wa usiku ule alisubiri ukimya kamili. Kwenye vichekesho vya kawaida, sekunde mbili za ziada zinapooza utani tu. Kwenye kicheko cha msibani zinafanya kibaya zaidi: mtazamaji anajisikia mwenyewe akicheka jeneza, anaona aibu, na utani unaofuata hauchekeshi tena. Ongeza watu waliotawanyika mmoja mmoja, kwa sababu kicheko huambukizwa na bega la jirani. Ukumbi ukiwa nusu, wahudumu wawasogeze watu katikati kabla taa hazijazimwa. Hawakufanya hivyo.

Safu ya mwisho ina tatizo jingine: kisahani hakisikiki. Kuna kipaza sauti kidogo chini ya meza, lakini mwanamke akisimama na kikombe mkononi anatoka nje ya uwezo wake, na nusu ya hadithi inapotea.

Kuhusu onyo: ukurasa wa tiketi unasema tu "mada nzito". Hiyo haimsaidii mtu yeyote. Onyo linalofaa lingetaja kifo cha ndugu, jaribio la zamani la kujiua linalozungumziwa karibu na dakika ya 50, na mlio mkali wa simu gizani. Eneo lenyewe la dakika ya 50 limeandikwa kwa uangalifu: njia haitajwi, barua haisomwi, na anayebaki akilini ni jirani aliyegonga mlango kuomba chumvi akakaa mpaka asubuhi. Ni sawasawa na ushauri ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa 2019 kwa watengeneza filamu na watu wa jukwaani, kwamba njia isionyeshwe na uwezekano wa kupata msaada uonekane. Chumvi yenyewe, kwa njia, hairudishwi, na inachekesha kila inapotajwa tena.

Kinacholiangusha onyesho ni dakika 10 za mwisho. Taa za ukumbini zinawashwa, mwanamke anaweka kikombe chini na kuanza kutueleza maana ya tuliyoyaona. Tulishaelewa. Mlio wa kisahani ulishasema.

Mahali pa kukaa: safu ya 3 hadi ya 6, upande wa kulia wa ukumbi, kwa kuwa meza na kipaza sauti viko huko. Epuka viti vya njiani katika safu mbili za mbele kama hutaki kushikishwa mkonga wa simu na kuulizwa rangi ya jeneza (jibu lolote linakubaliwa, hata "sijui"). Ukihisi huenda utahitaji kutoka katikati, chukua kiti cha njiani kuanzia safu ya 7 kwenda nyuma. Mkonga haufiki huko na mlango uko karibu. Usichelewe: milango ikifungwa, utaingizwa dakika ya 12, na dakika hizo 12 ndizo zinazokufundisha kusikiliza kisahani.

Nyota 4 kati ya 5 kwa usiku wa kwanza, 2 na nusu kwa wa pili. Kikombe hubaki mezani watu wakitoka. Ukipita karibu utaona kijiko cha bati kimelazwa kisahanini, kimebanwa ncha moja kwa utepe mweusi. Ndicho kinacholia.