Bustani ya michezo Lubumbashi, mwezi wa kumi: uliza kwanza kivuli kiko wapi

Wanaoniuliza kuhusu bustani ya michezo ya umma huku kwetu huanza na viwanja. Basketi ipo? Nyasi ni za kweli? Vile vyuma vya mazoezi bado vizima? Mimi nawauliza watakwenda saa ngapi, kwa sababu majibu mengine yote yanategemea hilo. Bustani ina kila kitu kilichoahidiwa kwenye ubao wa langoni. Shida ni kwamba nusu ya vitu hivyo, kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi alasiri, ni vya kutazama tu.

Langoni mambo ni mepesi. Kiingilio hakiumizi mfuko, ni kama bei ya sashe chache za maji, na papa, yaani mzee, anayekaa pale siku nyingi ni mtu wa heshima. "Bonjour, mama. Batoto ni ngapi?" Ukimwambia, anawatupia macho, kisha anasema ule mudogo apite tu. Dai tiketi yako lakini, hata kama yeye amesahau, maana ndani kuna kijana anayezunguka kuzikagua na yeye hana huruma ya yule papa.

Raha ya bustani hii iko alfajiri. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa mita 1200 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hata mwezi wa kumi, ambao ndio mwezi wa joto kali kabla mvua haijaanza, saa kumi na mbili asubuhi unaweza kuhitaji kitu cha mikono mirefu. Njia ya kukimbilia ni ya udongo mwekundu ulioshindiliwa, inazunguka bustani yote, na saa hizo inajaa. Wanaume wanaokimbia wako mbele, vijana wa ngumi wanarusha mikono hewani huku wakirudi kinyumenyume, na nyuma yao wanakuja akina mama wa matembezi, fulana za rangi moja na kitenge kimefungwa kiunoni, wanapiga hatua za haraka na domo haliishi. Mimi niko kwenye hilo kundi la mwisho. Hatukimbii na hatuna nia ya kukimbia.

Kwenye uwanja wa simenti mabinti wanacheza nzango. Kwa asiyeujua mchezo huu, ni ule wa wasichana wa Kongo wa kuruka na kupiga makofi, wawili wanaelekeana, kila mmoja anatupa mguu mbele na pointi zinatolewa kwa miguu ilivyokutana. Zamani ulichezwa uani na kwenye kiwanja cha shule saa ya mapumziko, siku hizi una timu na waamuzi. Hawa wa bustani wana mwalimu mkali mwenye filimbi, na nyimbo zao zinasikika mpaka barabarani. Nilitamani wangepewa sehemu bora kuliko ile simenti iliyopasuka, lakini ikifika saa tatu wanakuwa wameshamaliza, na wana akili kufanya hivyo.

Uwanja wa mpira ndio fahari ya wenye bustani. Nyasi ni bandia, zile za plastiki zenye chembe nyeusi za mpira katikati, kama mtindo ulioenea hapa mjini baada ya TP Mazembe, timu yetu kubwa ya mpira, kufungua uwanja wao wa Kamalondo mwaka 2011. Asubuhi ni safi kabisa. Mpira unatembea, hakuna shimo, hakuna tope, na wazee wa Jumapili wanaocheza kabla ya misa wanateleza na kuinuka bila kuchubuka sana. Ukirudi nyumbani utakuta zile chembe kwenye soksi, ndani ya viatu, na siku mbili baadaye bado unazifagia sebuleni.

Lakini plastiki na mpira mweusi vinakunywa jua. Nyasi ya kweli inatoa unyevu na kujipoza yenyewe. Hii haina cha kutoa. Saa sita mchana ukiweka kiganja pale chini unakiondoa mara moja. Wanangu wana tabia ya watoto wote wa Lubumbashi. Wakifunga goli hukaa chini na kurukaruka kwa matako kama Kidiaba, yule kipa wa Mazembe, ingawa mdogo wao hakuwa amezaliwa Mazembe ilipocheza fainali ya klabu za dunia mwaka 2010. Asubuhi wanafanya hivyo mpaka kaptula zinachakaa. Mchana, goli likiingia, wananyoosha mikono tu na kukimbilia pembeni. Joto limemshinda hata Kidiaba.

Vyuma vya mazoezi ni hadithi hiyohiyo. Ni vipya, vimepakwa rangi ya buluu na manjano (mtu wa Lupopo, wale wapinzani wa Mazembe wenye rangi hizo, alikuwa kwenye kamati, nadhani), na vimewekwa mahali peupe kabisa ambapo hakuna hata kichaka. Niliunyoosha mkono kushika usukani wa ile mashine ya kutembea hewani, msichana aliyekaa mbali kidogo akapiga kelele: "Yaya, usikamate ile, iko naunguza!" Yeye alikuwa na dawa yake. Alitoa kitambaa kilicholowa maji, akakizungushia kwenye chuma, akapanda, akafanya mazoezi yake dakika chache mpaka kitambaa kikakauka, akashuka kukilowesha tena. Bidii yake niliisifu. Ila mtu aliyepanga vyuma pale angetembea hatua thelathini upande wa pili angekuta miembe.

Na hapa kuna jambo ambalo wapangaji wa mji huu wangelikumbuka. Sisi tuko kwenye nyuzi 11 na nusu hivi kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa mwezi wa kumi jua la saa sita linapita juu ya utosi kabisa, halafu linarudi kupita hapohapo mwezi wa pili. Siku hizo ukuta hauna kivuli, nguzo haina kivuli, hata wewe mwenyewe kivuli chako unakikanyaga. Ule ukuta mrefu wa bustani ambao mwezi wa sita unawapa watu mahali pazuri pa kukaa, mwezi wa kumi haufai kitu. Kinachobaki ni paa au mti wenye majani mengi. Paa liko moja, juu ya viti vya wageni wa heshima, na kuna kamba imefungwa kuzuia sisi wengine.

Kwa hiyo bustani yote, kuanzia saa nne, inahamia chini ya miembe. Miti hii haikupandwa na mradi wowote, ilikuwepo. Hapo ndipo wanapokaa akina mama wenye vitumbula na mihogo ya kuchoma na kalanga, hapo wanafunzi wanasoma, hapo wachezaji wa basketi wanalala chali wakisubiri alasiri. Na hapo wazee wa Mazembe na wa Lupopo wanamalizia vita ambayo haijawahi kwisha. Nilikaa kuwasikiliza wakati watoto wanakula. Wa Mazembe anataja makombe ya Afrika, 1967, 1968, 2009, 2010, 2015, anahesabu kwa vidole mpaka mkono mmoja unaisha. Wa Lupopo anamwacha amalize, kisha anauliza kwa upole Inter ya Italia walifunga ngapi kule Abu Dhabi, kwenye ile fainali ya dunia. "Tatu bila, papa. Tatu bila." Mwenzake anamjibu kwamba hata kufungwa kwenye fainali ile lazima kwanza ufike, na kabla yao hakuna timu ya Afrika iliyowahi kufika. Burudani hii haimo kwenye ubao wa langoni na ndiyo iliyonifaa kuliko zote.

Sehemu ya watoto sitaificha, imenikera. Mtelezo ni wa bati na unatazama jua. Bembea ziko tatu, moja imebaki minyororo. Niliona mama mmoja akimwaga maji ya kunywa kwenye bati ili mwanae ateleze, na maji yenyewe ni ya kununua, kwa sababu bomba la pale lilikuwa kavu tangu asubuhi. Choo kipo na ni kisafi kuliko nilivyotarajia, lakini kimefungwa kufuli na mwenye ufunguo anajulikana kwa kutoonekana. Mtoto wa miaka minne hawezi kumsubiri mtu kama huyo. Ukitoa simu kupiga picha za familia, jiandae kuulizwa umepata ruhusa kwa nani. Mimi nilisema hawa ni wanangu, basi, yakaishia hapo.

Kama shida yako ni watoto wadogo tu na huna haja ya mpira, bustani ya wanyama ya hapa mjini inaishinda hii kwa kivuli. Miti yake ni mikubwa, unatembea mchana bila kutafuta kofia, na ndani yake kuna kituo cha J.A.C.K. ambacho tangu 2006 kinalea sokwe waliookolewa kutoka kwa wanaowauza. Wanangu walijua huko kwamba sokwe mchanga akikamatwa, mara nyingi mama yake ameuawa kwanza. Wakarudi kimya kwenye gari, jambo ambalo bustani ya michezo haijawahi kuwafanyia.

Kwa mazoezi, hata hivyo, nitaendelea kuja hapa. Nyota tatu, na ya nne naiweka kando mpaka watakapopanda miti kandokando ya vile vyuma. Mwezi mzuri kuliko yote ni wa tano. Mvua imekwisha, vumbi bado halijaanza kuruka, bustani ni ya kijani na jua limelegea. Mwezi wa sita na wa saba alfajiri ni baridi ya kweli, utaona watu wanakimbia na makoti. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mvua inapoza hewa, lakini ile njia nyekundu inageuka utelezi, na mvua yenyewe inapenda kuja alasiri, saa zile watu wametoka kazini wanataka kucheza.

Mwambie manseba, yule wa pikipiki ya kukodi, akushushe lango la nyuma, si lile kubwa. Linafunguliwa mapema zaidi, linatokea moja kwa moja kwenye miembe, na mama wa vitumbula anakuwa ndiyo kwanza anatia karai motoni. Beba maji yako, kitambaa cha kulowesha, na faranga ndogondogo, kwa sababu chenji pale hakuna.