Kitalu cha Ipuli, Tabora: watakuuliza maji yako kabla hujatoa hela

Nauza chakula karibu na stendi hapa Tabora, na kila anayepika kwa biashara mji huu anajua mwezi wa tisa na wa kumi unavyokuwa. Fungu la mchicha linapungua mpaka unalishika kwa vidole viwili, nyanya zinapanda bei kila ukienda soko, na mteja anataka sahani ileile kwa bei ileile. Ndiyo sababu nina bustani nyuma ya nyumba, na ndiyo sababu nimeona niandike kuhusu kitalu cha familia moja kilichopo upande wa Ipuli. Wengi wanapita pale wakidhani ni watu wa maua.

Bango hawana. Utaona ua wa michongoma, kichanja cha nyasi kwenye nguzo, na chini yake viriba vya miche vimejaa mpaka njiani. Kazi ni ya mzee, mkewe na binti yao, ambaye ndiye anayeshika mbegu na hesabu. Mlangoni pana ndoo ya koki na sabuni. Ukiwa mvutaji wa sigara, au umetoka kufunga tumbaku, hugusi mche wa nyanya wala wa pilipili mpaka unawe. Binti alinieleza kwamba virusi vya batobato la tumbaku, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, hukaa hata kwenye tumbaku kavu, na mikono ndiyo inayovisambaza. Kwa mkoa wetu, ambako tumbaku imo nyumba nyingi, hiyo ndoo peke yake ilinipa imani nao.

Usiende pale ukitegemea kuchagua, kulipa na kuondoka. Nilipomwamkia mzee na kumwambia nataka miche ya nyanya, aliitika marahaba, halafu akauliza, "Mwanangu, maji yako ya wapi?" Nikamwambia ya bomba, tangu maji ya Ziwa Victoria yafike Tabora mtaani kwetu tunashukuru, ila bili nayo ipo. Akataka kujua eneo lina ukubwa gani, jua linaingia saa ngapi, na kabla yangu palilimwa nini. Nilipotaja kwamba kona moja mwenye nyumba aliwahi kuotesha miche ya tumbaku, akakataa palepale. "Kona hiyo nyanya hapana. Weka mahindi kwanza." Tumbaku, nyanya, pilipili, bilinganya na viazi mviringo ni ukoo mmoja, akasema, na minyoo fundo, ile inayotia mizizi vinundu, iliyoachwa na tumbaku itaingia kwenye mizizi ya nyanya bila kubisha hodi. Aliponiuzia, aliniuzia nusu ya miche niliyoomba, kwa sababu kwa hesabu yake ndoo zangu za maji zisingetosha zaidi ya hapo. Sijawahi kukutana na mfanyabiashara mwingine anayepunguza oda ya mteja wake.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kuhusu matuta. Mafunzo mengi ya bustani tunayoyasikia yanasema inua tuta, inua tuta, mwaka mzima. Mzee anasema hilo ni la masika. Udongo wetu ni wa kichanga, ukiinua tuta mwezi wa saba maji yanakwenda chini na pembeni, na jua linamaliza kilichobaki. Kiangazi anataka uchimbe chini, shubiri moja hivi, uweke kingo pande zote, ndani ujaze samadi iliyoiva uchanganye na udongo. Kwa maneno yake, tengeneza jaluba dogo. Mtu wa Tabora aliyewahi kuona mpunga hahitaji maelezo zaidi. Maji unayomwaga yanabaki pale mizizi ilipo. Mchicha na chainizi zangu za kiangazi sasa ziko kwenye majaluba, na ndoo zilezile zinafika mbali zaidi. Mvua zikianza, mwezi wa kumi na moja, unageuza na kuinua, vinginevyo mizizi inaoza.

Samadi wanauza kwa ndoo, ya ng'ombe. Kuna lundo la kuuza na lundo la kusubiri. Binti alichomeka kipande cha nondo kwenye lile la kusubiri, akakiacha kidogo, akakichomoa na kunishikisha. Kilikuwa cha moto. "Hii ingekuunguzia miche, mama," akasema. Akafanya hivyo kwenye lundo la pili, nondo ikatoka baridi, na ukiishika ile samadi inamong'onyoka, haina harufu ya zizi. Tangu hapo nami kila samadi ninayoletewa na watu wa mikokoteni naipima kwa nondo.

Mkewe mzee ndiye daktari. Siku moja nilimkuta na mama mwingine aliyeleta mnyanya ulionyauka ghafla, majani bado ya kijani kabisa. Alikuwa ameshatumia hela kwa dawa ya ukungu aliyouziwa duka fulani mjini. Mama wa kitalu alikata shina karibu na mzizi, kipande cha urefu wa kidole, akakifunga uzi na kukining'iniza kwenye glasi ya maji safi. Akatuambia tusiiguse meza. Baada ya dakika chache pale ulipokatwa mti zikaanza kutoka nyuzi nyeupe, nyembamba, zinashuka taratibu ndani ya maji kama maziwa. "Huu ni mnyauko bakteria, hauna dawa. Usinunue kitu chochote, kwangu wala kwa mwingine." Alimwelekeza ang'oe mmea na mizizi yake, auchome moto, jembe alioshe kabla ya kulipeleka tuta lingine, maji ya tuta hilo yasitiririke kwenda kwa mimea mizima, na pale asirudishe nyanya, pilipili wala bilinganya kwa miaka kadhaa. Nyuma yake rafu ina chupa za dawa za kuuza. Angeweza kumuuzia moja na yule mama angeshukuru.

Shina la nyanya zangu lilipokuwa zima lakini matunda yanaoza kitako, jibu lilikuwa jingine. Kile si kidudu. Tunda linakosa kalsiamu kwa sababu maji yanakuja kwa vipindi, leo mafuriko, kesho kutwa ukame, na kwenye mchanga hali hiyo ni mbaya zaidi. Nimwagilie kidogo kila siku, wakati uleule, na nitandaze makapi ya mpunga juu ya udongo. Matandazo yasiguse shina, na niyapekue mara kwa mara kuangalia njia za mchwa, maana mchwa wa Tabora hawaulizi. Matunda yaliyofungwa baada ya hapo yalitoka mazima.

Kwa wanaopika kama mimi: maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke bustanini bila wasiwasi. Ya kuoshea sufuria, yenye sabuni, mafuta na chumvi, yasifike kwenye mboga. Mama alinisisitizia hili alipojua kazi yangu.

Mbegu wanazouza ni za pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, na binti hakubali kukupimia kijiko kutoka pakiti iliyofunguliwa hata ukimbembeleza. Kwa nyanya alinielekeza kwenye Tengeru 97, aina iliyotoka kituo cha utafiti cha Tengeru kule Arusha mwaka 1997, kwa sababu inavumilia minyoo fundo na tunda lake halilegei upesi. Faida nyingine: mbegu yake unaweza kukamua mwenyewe ukapanda msimu ujao. Chotara, zile zenye alama ya F1, anakueleza wazi kabla hujalipa kwamba ukikamua mbegu yake watoto hawatafanana na mama.

Vidukari kwenye sukuma wiki wanavishughulikia kwa mwarobaini, ambao mji huu umejaa. Kilo 1 ya majani mabichi, twanga, loweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo ishike kwenye jani, nyunyiza jioni. Jioni kwa sababu jua linaiua nguvu dawa hiyo. Kwa kantangaze, kiwavi anayechimba njia ndani ya majani ya nyanya, hawakudanganyi kwamba mwarobaini utatosha. Hapo wanataka uchume kila jani lenye michirizi na kulichoma mapema, na hali ikizidi ndipo mnaongea habari ya dawa.

Kwenye matunda niseme kifupi. Miembe yao ni ya kubebesha, na mzee hukuonyesha kwa kidole pale kikonyo, yaani kitawi kilichobebeshwa, kilipoungana na shina la chini. Pale pasifukiwe na udongo, na chipukizi lolote linaloota chini yake liondolewe, kwani hilo ni embe la shina la chini, si lile ulilolipia. Utepe uliofungwa kwenye maungio hayo nao usisahaulike ukakaba mti unaponenepa. Lakini Tabora hii, ambako miembe iko kila barabara, mwenye uwanja mdogo atashauriwa achukue mlimao au mpapai. Kwa mpapai wa mbegu unapewa miche mitatu ya shimo moja. Ikitoa maua unaacha mmoja; wenye maua mengi yanayoning'inia kwenye vikonyo virefu ni dume, huo haukuzalii. Mimi nilibakiza jike, na mapapai yake nayaweka mezani kwa wateja.

Yasiyonifurahisha yapo. Majina ya aina yameandikwa kwa kalamu kwenye vijiti, na jua linayafuta. Niliwahi kutaka pilipili mbuzi na hakuna aliyeweza kuapa ni viriba vipi, hata binti mwenyewe, nikarudi mikono mitupu. Rangi ya mafuta ingemaliza tatizo hilo. Masika njia ya kuingilia ni tope tupu. Na mzee ni mmoja. Akianza kumweleza mtu shimo la mti, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu kando na wa chini kando, basi nyinyi wengine kaeni kwenye benchi. Mwenye haraka ataudhika. Mimi nasikiliza, maana mara nyingi shida ya aliye mbele yangu ni yangu pia.

Bei haziko chini sana. Mche wa nyanya nilinunua shilingi 100, wakati barabarani utapata kwa nusu yake, na mwembe wa kubebesha shilingi 5,000. Ila ng'oa mche mmoja wa barabarani utazame mizizi. Niliyowahi kuletewa ilikuwa na vinundu tele, dalili ya minyoo fundo. Ya pale kitaluni wanakung'olea mmoja bila kinyongo uangalie mwenyewe, na huo hawauhesabu kwenye malipo.

Wanapokea taslimu na pesa za simu. Hawapeleki mzigo, hivyo panga na bodaboda mwenye kreti, na nenda jioni ili upande jua likishapoa. Miche ya nyanya ya kiangazi inaagizwa kabla, kwa sababu inakaa kitaluni wiki nne hadi tano, na wiki ya mwisho wanaipunguzia maji makusudi ikomae. Ukitaka kuvuna mwezi wa tisa, kaagize mwezi wa tano, na uwe na majibu ya mzee mkononi: maji ya wapi, ndoo ngapi kwa siku, na kabla yako palilimwa nini.