Uzoefu wangu: ruzuku ya TASAF na tembe la bibi

Huku Chamwino, Dodoma, naulizwa sana: "Mzee wangu ametimiza sitini, aende wapi akapewe bati?" Hakuna dirisha la bati, ndugu zangu. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na hilo linamfaa asiyejiweza akienda kutibiwa, lakini umri peke yake hauezeki nyumba. Alichopata bibi yangu ni ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii), kupitia ule Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, kipindi cha pili kilichoanza 2020.

Kinachopimwa ni kaya. Mkutano wa kijiji unataja walio na hali ngumu kabisa: wanaokosa milo, wasio na kipato cha uhakika, wenye makazi duni. Mnajaziwa dodoso, kisha majina yanarudi mkutanoni wanakijiji wayapitishe. Na majirani hawadanganyiki. Wanajua hadi nani kaficha ng'ombe kwa shemeji yake kule wilaya ya Bahi. Bibi alipita kwa kuwa anaishi na wajukuu wadogo tu na tembe lake, nyumba ya udongo hadi paa, lilikuwa limeshalemaa. Jirani yake, anayemzidi umri, hakupita kwa sababu mwanawe mwenye bodaboda analala hapohapo. Mimi naona ni haki, ingawa salamu za mama yule zimepoa tangu siku ile.

Utambuzi una kipindi chake, kwa hiyo mkisikia mbiu ya mkutano, mpelekeni mzee mwenyewe, msimtume mtoto. Na akipita mtu mlangoni anauza "fomu ya ukarabati", mfukuzeni. Huku kwetu alipita, na wapo waliotoa hela.

Malipo ya bibi yalikuja kila baada ya miezi miwili, na yalikuwa madogo. Ungengoja yaezeke paa, masika yangekukuta nje. Kilichomfaa bibi ni kikundi cha kuweka akiba: alinunua hisa kidogo kidogo, akakopa, tukashusha udongo wa paa na boriti zilizoliwa na mchwa, tukapiga bati geji 30 chumba anacholala kabla ya mvua za Desemba. Mbao na fundi tulichanga sisi wajukuu, kuta tukakandika wenyewe.

Sebuleni amekataa tusiguse. Anasema bati la mchana wa Dodoma linamkaanga, na udongo wake hauvuji upande ule.