Boksi la majaribio la Kariakoo: litimasi safi, mizani ina mambo yake

Binti yangu kaingia kidato cha kwanza mwaka huu, na maabara ya shuleni kwao bado anaiona kwa dirishani tu. Nikashuka Kariakoo kumtafutia boksi la majaribio ya fizikia na kemia. Muuzaji alianzia 50,000, tukaelewana 38,000. Ndani mna karatasi za litimasi (zinabadilika rangi kuonyesha kitu ni asidi au kinyume chake, besi), testi tyubu sita za plastiki, sumaku, balbu mbili na waya zake, na mizani ya springi. Betri hamna, unajitegemea.

Litimasi pekee imerudisha hela yangu. Mimi nakaanga vitumbua Mabibo, na sasa jiko si langu tena. Kachovya karatasi ya bluu kwenye ndimu, papo hapo nyekundu. Nyekundu kaichovya kwenye maji ya majivu, ikawa bluu. Maji ya sukari hayakufanya lolote, akanuna. Kisha akakamulia ndimu kwenye magadi ndani ya jagi, povu likapanda. Lilipotulia akaliinamisha jagi juu ya mshumaa polepole, kama anayemimina chai, ila maji hayakutoka hata tone. Mshumaa ukazima. "Hewa ya ukaa hiyo mama, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana inamiminika." Nilimwambia arudie mara tatu, na si kwa faida yake.

Mizani sasa. Tulitundika pakiti ya sukari ya kilo moja, mshale ukasoma nyutoni 12. Binti akasema haiwezekani, kila kilo dunia inaivuta kwa nyutoni 9.8, itakuwaje 12? Mimi nikajua tayari nimepigwa. Yeye akaitoa sukari, akaniita niangalie: mshale umekaa kwenye 2 na hakuna kilichotundikwa! Tangu siku hiyo kila akipima anatoa 2, maisha yanaendelea. Ila sasa ananisahihisha mbele za watu kwamba kilo ni tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye kitu, na uzito, yaani nguvu ya dunia kukivuta, ni nyutoni. Mangi wa mtaani kwetu alicheka mpaka akasahau chenji.

Nilirudi dukani. Wakanionyesha maandishi chini ya risiti: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Hata pole sikupewa.

Balbu moja iliungua siku ya kwanza, na hilo ni kosa letu. Tuliunga betri nne mfululizo, volti 6, kwenye balbu ya volti 2.5. Lakini nani angetuambia? Kikaratasi cha maelezo ni Kichina, na Kiingereza chenye herufi kama sisimizi. Mtoto aliyesoma sayansi kwa Kiswahili shule ya msingi nzima anakwama hapo hapo.

Nyota tatu na nusu. Ukienda, mwambie muuzaji aitoe mizani kwenye nailoni, itundike tupu, uangalie mshale kabla hujafungua pochi.